Jogoo wa Ruiru

Nakhumicha aliwaambia watu kwamba mtaa mzima wa Landless hauna sauti ya kumfikia: akianzisha pambio, hata mbwa wa Ngoingwa, mtaa wa pili, hunyamaza. Kisha akaongeza, “Wananyamaza wakikimbia.”

Shida yake haikuwa sauti, ilikuwa miaka. Pasta Wanyoike alikuwa ametangaza kwamba mama akifika sabini na tano avue gauni la kwaya, aketishwe kwenye sofa ya mbele, afunikwe blanketi na kuombewa. “Mvi ni taji ya utukufu,” alisema. Nakhumicha alikuwa na taji ya kutosha kanisa zima, na kila mwezi aliipaka rangi nyeusi.

“Sabini na mbili, Pasta,” alimwambia Alhamisi, bila kupepesa jicho.

Jirani yake Waithira alikuwa amesema ukweli, sabini na sita, na sasa alikaa sofani kama mgonjwa.

“Wee Nakhumicha, Mungu anakuona,” alimnong'oneza.

“Ananiona, na ananisikia nikiimba. Sara alizaa na miaka tisini! Angekuwa wa kanisa letu, malaika angemkuta amefunikwa blanketi, anakoroma.”

Jumapili wakaenda Ruiru, kwenye sikukuu ya akina mama. Nakhumicha aliimba mstari wa mbele, akakata kiuno mpaka kiuno kikalia kwa sauti ya pili. Moyoni akaomba: Baba, usinitoe hapa. Ukiniita, niite katikati ya wimbo.

Baada ya wimbo, wenyeji wakaleta jogoo mwekundu wa kienyeji, mapaja kama ya askari. “Huyu ni wa mama aliyekula chumvi nyingi kuliko wote hapa!”

Waithira akainuka polepole. “Sabini na sita.”

Watu wakapiga makofi. Nakhumicha akamtazama yule jogoo. Waithira! Mtu wa kuchemsha kuku na viazi! Na kwao Bungoma, jogoo kama huyo hapiti mbele ya mkubwa akaenda kwa mdogo.

“Ngojeni!” Alikuwa amekwisha kumkwapua. “Waithira ni mtoto! Mimi nina themanini na moja!”

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Waithira akaketi, anacheka mpaka machozi. Pasta Wanyoike hakucheka. Alikuja taratibu, akanyoosha mkono.

“Gauni, mama. Alhamisi uliniambia sabini na mbili.”

“Mimi? Pasta, haki ya Mungu sijawahi kusema—”

Jogoo, pale kwapani, akawika.