Sorry ya Rogath

Ujumbe ulimfikia Swaumu akiwa Ruangwa, Jumamosi, saa kumi kasoro robo jioni, wakati anamwogesha mjukuu wake wa siku nne. Aliusoma baada ya kumfuta mtoto na kumrudisha kwa mama yake. "Mama Zulfa, sorry sana kwa yaliyotokea." Ulitoka kwa Rogath, fundi simu wa Nachingwea mjini, ambaye shamba lake la ufuta lilipakana na mikorosho ya Swaumu kule Naipingo.

Swaumu hakujua kilichotokea. Alimpa binti yake simu.

"Hili neno la Kiingereza lina maana gani?"

"Pole," Zulfa alisema. "Anakupa pole, mama."

"Pole ya nini?"

Mkwewe, aliyekuwa akinyoosha shati chumba cha pili, aliwasikia. "Sorry ni samahani," alisema. "Mtu akikukanyaga anasema sorry. Huyo anaomba radhi."

"Amenikosea nini?"

Walimpigia Rogath, simu ikawa haipatikani. Wakampigia jirani, naye ndiye aliyewaambia. Moto ulikuwa umepita shambani mchana ule na kuunguza mikorosho ishirini na mitatu. Korosho nyingi zilikuwa bado juu, nyingine zimeshaanguka na kungoja kuokotwa.

Kesho yake Swaumu alipanda gari mpaka Nachingwea, akachukua bodaboda mpaka shambani. Ardhi ilikuwa nyeusi na bado ina joto. Maganda ya korosho yaliyoungua yalikuwa yametoa mafuta yake, yale yanayobabua ngozi, na harufu ilimkaba koo. Alipita mti hadi mti akiugusa kwa kiganja, kisha akarudia tena kuanzia mwanzo. Hakulia. Alipofika nyumbani alikuta watu wameshaanza kuja. Walikaa mkekani, wakasema pole, wakazungumza habari za mvua na za mtoto wa Zulfa, wakaaga. Walikuja hivyo siku mbili mfululizo. Rogath hakuja.

Jumatano waliitwa wote wawili ofisi ya kijiji. Mtendaji, Sadiki, alimtaka Rogath aeleze.

"Nilisafisha shamba, nikachoma marundo asubuhi," Rogath alisema. "Nikapiga moto kwa matawi, nikafukia majivu. Saa tano nikaondoka umeshazimika. Huo wa mchana huenda ni wa wawinda panya."

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kila mwaka watu huwasha nyasi ili panya watoke mashimoni, na kila mwaka shamba la mtu huungua. Shahidi hakuwepo.

Swaumu aliweka simu yake mezani. "Aliomba msamaha kabla mimi mwenyewe sijajua kosa."

"Nilitoa pole," Rogath alisema. "Watu wa bodaboda waliniambia moto umeingia kwa mama. Nikatoa pole kama jirani."

Sadiki aliusoma ujumbe mara tatu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, lakini Kiingereza chake hakukiamini. Akatuma mtu kwenda kumwita Mwalimu Domitila, aliyefundisha somo hilo sekondari. Mwalimu alikuja saa ya mapumziko, chaki ikiwa bado kwenye mkono wa blauzi yake. Alisoma ujumbe, akavua miwani.

"Mnataka niwaambie nini?"

"Hilo neno ni pole au ni samahani?" Sadiki aliuliza.

"Ni yote mawili. Na si hayo tu. Mtu asiposikia ulichosema, anakwambia sorry, yaani hebu rudia. Ukienda kuomba nafasi ya kazi na hakuna, unaandikiwa sorry, hapo ni kukataliwa kwa adabu. Kumhurumia mtu, sorry. Kujutia jambo, sorry. Nyumba iliyochakaa mpaka inatia huruma, nayo utasikia inaitwa hivyo hivyo. Na sisi tunalitumia kwa namna yetu. Ukijikwaa barabarani, mimi niliye mbali nasema sorry, wala si mimi niliyeweka jiwe."

"Kwa hiyo hapa?"

"Neno peke yake halisemi. Anayejua ni aliyeliandika."

Sadiki aliweka kalamu chini. Swaumu alimgeukia Rogath. Alimzidi umri kwa miaka ishirini na zaidi, na mpaka siku ile walikuwa wanaazimana majembe.

"Rogath, mwanangu, mimi Kiingereza sikijui. Niambie kwa Kiswahili ulichotaka kuniambia."

Rogath aliitazama simu pale mezani. Wote watatu walimngoja.

"Pole, mama," alisema.

Pole ina jibu lake, na mtu mzima halinyimi. "Nimeshapoa," Swaumu alijibu, akachukua simu yake. Sadiki aliandika kwamba chanzo cha moto hakikujulikana, na Mwalimu Domitila akarudi darasani.

Mvua za kwanza zilinyesha mwanzoni mwa Desemba. Baadhi ya mashina yalianza kuchipua chini, mengine yakabaki makavu. Swaumu alikuwa akikata matawi yaliyokufa aliposikia hodi mpakani. Rogath alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, hakuvuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita."

Hakupita. Alizungumza akiwa pale pale, haraka, kama mtu aliyekuwa amejizoeza njiani.

"Hakuna mtu wa bodaboda aliyeniambia. Siku ile nilipofika barabara kuu nilisimama kupokea simu. Nikageuka, nikaona moshi upande wa kwangu, upepo ukiupeleka kwako. Kulikuwa na mteja ananisubiri dukani. Nikajiambia ni vumbi, nikaenda. Nilijua si vumbi."

Swaumu alishusha panga.

"Nilipomaliza kazi ya mteja nikaandika samahani," Rogath aliendelea. "Nikaona utauliza nimefanya nini. Nikafuta. Nikaandika pole. Nikaona utauliza nani kaniambia. Nikafuta tena. Ndipo nikaandika lile jingine, nikazima simu."

"Ungerudi, ungeuzima?"

"Sijui. Pengine ingeungua miti michache."

Swaumu aliokota tawi alilokuwa amelikata, akalitupa kando. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, na Rogath alilazimika kusogea ili asikie.

"Moto ni moto. Hata mimi ningeweza kuuacha ukanitoroka. Lakini mle ofisini uliniambia pole, na mimi nikakuitikia nimeshapoa. Ulinifanya niitikie uongo mbele za watu."

"Naomba unisamehe, mama."

"Hilo leo sina jibu lake."

Aliutazama mti uliokuwa karibu naye, kisha akamwelekezea ule wa pili kwa ncha ya panga.

"Ule umekufa juu, chini uko hai. Ukate usawa wa goti. Usichane gome."

Rogath alivuka mpaka, akapokea panga.

Baada ya hapo alifunga duka kila Jumamosi akaja. Alikata mashina, akachimba mashimo, akaleta miche iliyobebeshwa vikonyo vya mikorosho bora kuziba nafasi za miti ambayo haikuchipua. Miche hiyo ilikuwa kumi na minne. Hawakuzungumza sana. Sadiki alipozisikia habari zile alikuja na faili lake akitaka kulifungua upya, kwa kuwa sasa mhusika amekiri. Swaumu alikataa. Alisema hataki kukaa tena kwenye kile chumba, na kwamba mtu aliyeko shambani kwake anafanya kazi asiitwe ofisini kueleza. Sadiki alisisitiza kidogo, akaondoka.

Zulfa alimuuliza mama yake kwa simu kama amemsamehe Rogath.

"Anakuja, anafanya kazi," Swaumu alijibu. "Akiondoka, nakagua. Kazi yake nzuri."

"Hujanijibu, mama."

"Mtoto ameanza kukaa?"

Ramadhani ilipoingia, Rogath, asiyefunga, alidhani hatakuwa na haki ya kudai hata maji. Jumamosi ya kwanza alileta chupa yake na mkate ndani ya mfuko, akapanga kwenda kula barabarani. Saa saba Swaumu alimwita. Alikuwa amechemsha viazi na kubandika chai, vimefunikwa kwa sinia. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, na midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama, usingejisumbua."

"Kula. Jua kali, na bado mashimo manne."

Rogath alinawa, akala. Swaumu alikaa kando yake akipalilia mche kwa mkono, mpaka alipomaliza kula.