Kengele ya Maji ya Bibi Rebeka

Fadhila alikuwa akimpima Odeta kiuno kwa ajili ya sketi ya kitenge alipomuuliza kama mama yake anakunywa maji. Odeta akasema anakunywa akikumbuka, ila hakumbuki. Daktari alikuwa ameonya kwamba figo za mama huyo, Bibi Rebeka, zimechoka, na dawa yake ya kwanza ni maji, kikombe baada ya kikombe, mchana kutwa. Bibi alimwitikia daktari kwa heshima zote, akarudi nyumbani Buswelu, akaendelea na chai yake ya asubuhi na funda moja la kumezea vidonge jioni. Alikuwa amebana maji maisha yake yote na hakuona sababu ya kuanza kuyafuja uzeeni.

"Lete simu," Fadhila akasema, pini zikiwa mdomoni.

Mtaa wa juu wa Buswelu, ule uliojengwa juu ya mawe, ulimtegemea Fadhila kwa mambo mawili: nguo na programu za simu. Mtu alikwenda kupima shati, akarudi na kitu kipya kwenye simu. Fadhila hakuyasomea mambo hayo. Alikuwa na mdomo mzuri tu, na msimamo kwamba hampendekezei mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hajakaa nacho. Luhende, fundi ujenzi, alipewa programu inayoonyesha kama sakafu imelala sawa. Chenge alipewa ya kumkumbusha chanjo za kuku. Mwalimu Mwanabaraka, aliyekimbiwa na usingizi baada ya kustaafu, alipewa ile yenye sauti ya mvua ya kulalia. Ilimlaza vizuri sana, isipokuwa mashuka yaliamka mabichi. Fadhila akamshauri apunguze sauti. Akapunguza, yakawa yanaamka na unyevu tu.

"Hii ya maji ninaitumia mwenyewe," Fadhila alimwambia Odeta. "Ramadhani ilinisaidia kati ya futari na daku. Inalia, unakunywa, basi. Haina matangazo mengi."

Programu iliuliza jina. Wakaandika Rebeka. Ikauliza uzito, wakakisia. Kisha ikauliza maji yake ya kunywa yanatoka wapi, ikatoa majibu ya kuchagua: bomba, kisima, chupa. Chini yake kulikuwa na nafasi tupu kwa mwenye jibu jingine.

"Weka bomba," Fadhila akasema.

"Dada, bomba lile hata kukohoa limeacha."

"Kisima je?"

"Kwenye mawe haya?"

"Haya, chupa nayo ni ya harusini. Sasa maji mnayatoa wapi?"

"Kwa wenye mikokoteni."

"Na wao?"

Odeta alifikiri kidogo. Wenye mikokoteni hawakupenda kuulizwa, lakini Mwanza nzima inajua maji yanatoka wapi, hata wale ambao hayawafikii. Akaandika Ziwa. Programu ikashukuru.

Asubuhi iliyofuata Bibi Rebeka alikuwa amekaa barazani akichambua dagaa. Simu ikalia, mlio wa tone likidondokea mtungini. Ziwa likaja.

Lilikuja polepole, kwa adabu, likipanda kutoka upande wa Kiloleli na kupita Nyasaka, likifuata barabara na kukwepa bustani za watu. Lilipofika kwenye mawe lilipumzika, kama mtu mzima anavyopumzika penye mwinuko, kisha likamalizia kilima. Likasimama kizingitini pa uani. Juu yake palikuwa na ukungu mwembamba, magugu maji yenye maua ya zambarau, na ndege mnandi mmoja aliyekuwa akijikausha mabawa. Uani kote kukawa na mwanga ule wa maji unaotembea ukutani.

"Shikamoo," Bibi Rebeka akasema, maana alijua nani mkubwa.

Ziwa halikuitika, lakini lilirudi nyuma kidogo lisimlowanishe kanga.

Odeta akachota, akachuja kwa kitambaa, akachemsha, akapoza. Ziwa lilisubiri muda wote huo. Bibi alipomaliza kikombe, likageuka na kushuka lilikotoka. Uani liliacha furu kadhaa, samaki wadogo ambao Bibi hakuwa amewaona tangu alipokuwa msichana. Akawakaanga, wakala na ugali.

Kuanzia siku hiyo lilikuja kila simu ilipolia. Majirani walifika na ndoo, kwanza kwa aibu, baadaye kwa foleni. Wenye mikokoteni walinuna, halafu wakaanza kuuza mkaa wa kuchemshia. Watoto walifundishwa kulisalimia na kutolitemea mate. Fadhila alitembea mtaani kifua mbele. "Si niliwaambia ni nzuri?" alisema, na hakuna aliyembishia.

Wengine nao walipakua programu ile, wakajaza Ziwa kama alivyojaza Odeta. Kwao simu ililia tu. Fadhila mwenyewe alibadilisha jibu lake, akaweka beseni mlangoni, akangoja hadi jua likamfukuza. Luhende alisema ziwa ni moja, haliwezi kwenda kwa kila mtu, na watu waliona hayo ni maneno ya busara. Lilikuwa limeitwa kwa Rebeka, basi lilikwenda kwa Rebeka.

Maji hayapandi na kushuka bure. Kila liliporudi ziwa liliondoka na udongo kidogo, na mvua za vuli zilipoanza, mtaro wa zamani ukafumuka kilimani. Ndani yake lilikuwamo bomba la mradi wa maji wa zamani. Watu wazima walilikumbuka. Lilichimbiwa kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mikono yake, maana mradi ulisema wananchi wakichangia nguvu maji hayatachelewa. Bibi Rebeka alichimba kipande chake huku Odeta akiwa mgongoni, akamaliza, akachimba na cha jirani aliyekuwa mgonjwa. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alifungua koki na maji yakatoka kweli, meupe na mengi. Jioni yake yakakata, na hayakurudi tena.

Luhende alilifuata bomba lile kutoka kwenye koki kushuka chini. Halikwenda mbali. Lilipita nyuma ya jiwe kubwa la shule, likaishia hapo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi. Kando yake, chini ya jiwe ambako mvua haifiki, kwenye udongo uliokauka siku nyingi, palikuwa na alama za matairi mapana, na Mwalimu Mwanabaraka akakumbuka kwamba siku ya uzinduzi wanafunzi walikatazwa kwenda kukojoa nyuma ya jiwe kwa sababu palikuwa na boza la maji limeegeshwa.

Walimpeleka Bibi Rebeka akaone. Alisimama ameshikilia mkono wa bintiye, akalitazama gunzi.

"Inaniuma," alisema. "Inaniuma sana."

Walipiga simu ofisi ya mradi, na mradi ukamtuma mhandisi anayeitwa Nathaniel. Alikuwa kijana msafi, mwenye kusikiliza. Aliwaamkia wazee wote, akachuchumaa, akalichomoa gunzi, akachungulia ndani ya bomba, akalirudisha gunzi mahali pake. Alikuwa bado anapangusa mikono simu ilipolia barazani kwa Bibi Rebeka. Ziwa likapanda. Nathaniel akavua viatu, akakunja suruali, akalipisha.

"Linakuja kila siku?" aliuliza.

"Kila ikilia," Odeta akasema.

Nathaniel alitazama foleni ya ndoo, akabonyezabonyeza kishikwambi chake. Alikuwa na habari njema na alizitoa kwa uso wa furaha: bomba jipya lilikuwa limepangiwa mtaa huu mwaka huu, ila kwa kuwa sasa una maji tayari, litapelekwa kwa wasio na kitu.

"Na hili?" Luhende akaonyesha mtaro.

"Hilo lifukieni, watoto wasije wakajikwaa."

Mwalimu Mwanabaraka alijisogeza mbele. "Mwanangu, subiri kwanza. Ziwa hili haliji kwetu. Linakuja kwa Rebeka. Na Rebeka ni mtu mzima, ana figo mbovu. Siku akiondoka?"

Nathaniel alilifikiria swali hilo kwa dhati, kama lilivyostahili.

"Basi mtunzeni bibi," akasema.

Wakamtunza. Chenge alileta mayai na supu ya jogoo. Mwalimu Mwanabaraka alimpa simu yake ya mvua, akaifungulia sauti ndogo. Kanisani jina lake liliombewa kila Jumapili, na msikitini jirani yao Abubakary alimwombea umri mrefu baada ya swala, naye alimaanisha. Mtu akimsikia Bibi akikohoa, mtaa mzima ulijua kabla chai haijachemka. Figo zilipata nafuu. Daktari alifurahi, akasema haya ndiyo aliyokuwa akiyataka.

Bibi Rebeka alikuwa na dada mmoja tu aliyebaki, ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Alitaka kwenda kukaa naye, wazungumze Kisukuma chao cha utotoni, na ikibidi azikwe huko pamoja na wazazi. Alipofunga kibegi majirani walikuja barazani, wakakaa. Nani alijua ziwa lingeelekea wapi? Fadhila alikuja wa mwisho, akaketi miguuni pake na kumshika goti.

"Bibi, tusamehe," alisema. "Watoto watakunywa nini?"

Bibi akamwambia Odeta arudishe kibegi juu ya kabati. Majirani wakashukuru, mmoja mmoja, wakarudi makwao. Mtaro ulikuwa umeshafukiwa, na juu yake mtu alikuwa amepanda matembele.

"Mama, umechoka?" Odeta akauliza.

"Nimechoka. Mtaro ule niliuchimba ili maji yaje hata nikiwa sipo." Alijiegemeza ukutani, akafumba macho. "Kumbe bomba lenyewe ni mimi."

Simu ikalia. Odeta akamshikia mama yake kikombe, na huko chini ya mawe watu wakaanza kusogeza ndoo.