Pilipili Zenye Kucha

Anayetaka kujua habari za nyumba yetu aniulize mimi. Sifichi, sipambi, wala sibakizi hata punje. Wenzangu pale nyumbani husahau kwa hiari; mimi kichwa changu ni sanduku, kilichoingia kimeingia.

Tuanze na mbegu. Kwetu pilipili hupandwa kwa matusi. Mama huchagua tunda lililoiva hadi likakunjamana, hulianika dirishani, hulipasua, kisha humwaga mbegu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Zinazoelea hutupwa, zinazozama hulala humo hadi kesho yake. Halafu hupandwa kwenye trei za mayai zilizojazwa udongo uliochekechwa, kila tundu mbegu mbili, kina cha ukucha mmoja. Wakati wa kuzifukia ndipo Mama huzitukana, zenyewe na ukoo wao wote. Anasema mbegu iliyobembelezwa huzaa hoho.

Mwaka huu Mama alipata mafua yaliyomnyang'anya sauti. Kazi akapewa shemeji yangu, mke wa Kaka, mwanamke ambaye hata kuku akiingia jikoni humwambia samahani kwanza ndipo amfukuze. Alipiga magoti mbele ya trei, akainama mpaka midomo ikakaribia udongo, akanong'ona muda wa kuivisha sufuria ya maharage.

"Umezitukana?" Mama akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Matusi siyawezi, Mama. Nimeziambia tu."

"Umeziambia nini?"

"Yaliyonipata."

Mama akatikisa kichwa. "Mbegu hutukanwa, mwanangu. Haisimuliwi."

Yaliyompata tulikuwa tunayajua. Shemeji ni fundi wa nguo, na alikuwa na cherehani cha miguu alichopewa na mama yake. Nusu ya watoto wa mtaa wetu walivaa sare zilizotoka kwenye sindano yake. Akaenda kumuuguza mama yake juma moja. Aliporudi alikuta chumbani alama nne za miguu ya chuma sakafuni, na cherehani hakipo. Kaka akamwambia ni wezi. Walikuwa wezi wenye adabu: walipotoka walifunga mlango, na ufunguo wakaurudisha chini ya ndoo, mahali pake.

Tangu hapo, kila alasiri, kutoka nyumba ya tatu, ile yenye mlango wa kijani, husikika cherehani kinachochechemea: tatatata, kimya, tatatata. Mkanda wake una kiungo. Shemeji ndiye aliyeuunga, kwa uzi wa viatu. Mwenye mlango wa kijani ni mwanamke, rafiki wa Kaka. Neno hilo "rafiki" Kaka hulisema upesi, kama mtu anayemeza kidonge.

Mbegu zilichipua siku ya tisa. Miche ilipofikisha majani manne, Shemeji aliihamishia kwenye makopo ya rangi, akaikata ncha ili itanue matawi, akaipanga ukutani panapopata jua. Ikachanua maua meupe. Ikazaa.

Matunda yalipofikia urefu wa kidole cha mwisho, yalikuwa na viungo viwili vya kukunjia, na kwenye ncha kila moja lilikuwa na ukucha. Chini ya ukucha palikuwa na kovu dogo la sindano, sawasawa na lile lililo kwenye kidole cha shahada cha Shemeji. Mama aliyatazama, akaingia ndani, akatoka na mkasi.

"Kucha zitolewe kabla ya kutwanga," alisema. "Zitakwama kooni."

Mchana kutwa pilipili zote zilinyooka kuelekea mlango wa kijani. Kaka aliporudi kazini, ziligeuka. Alipoingia getini zilimwelekea, alipovuka ua zilimfuata, alipoketi zilitulia juu ya kifua chake. Akihamisha kiti, nazo zilihama. Mama aliona faida yake: zilipoanza kugeukia getini, alijua Kaka yuko kwenye kona, akatenga chakula. Siku hizo hatukula wali wa baridi hata mara moja.

"Mbona pilipili zenu zinamnyooshea mtu vidole?" jirani mmoja aliuliza juu ya ukuta.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Kaka akamjibu, akageuza kiti tena.

Ilikuwepo moja, kwenye kopo la mwisho, ambayo popote nilipokwenda ilinielekea mimi. Sikuitilia maanani. Kila shamba lina kichaa wake.

Siku ya Jumamosi Shemeji alibeba kopo moja kifuani, akatembea mpaka nyumba ya tatu, akabisha hodi. Nilimfuata kwa mbali, kwa usalama wake. Mlango wa kijani ulifunguliwa. Pilipili zote kumi na mbili zilinyooka, zikapita ubavuni mwa yule mwanamke, zikaelekea kona ya sebule, kwenye cherehani kilichotandikwa kitambaa cha mapazia.

"Pilipili nzuri hizo, dada," yule mwanamke alisema. "Kali?"

"Nimefuata cherehani changu."

"Hiki? Hiki nimepewa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Basi mkaelewane huko kwenu, wenyewe wawili." Akazitazama pilipili kwa heshima. "Ukizichuma unikumbuke."

Shemeji alirudi na kopo lake. Usoni hakuonyesha kitu. Jioni alimwambia Kaka mbele yetu sote, taratibu, kwamba anataka cherehani chake kirudi kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa sare haziwezi kushonwa kwa mkono zikaisha.

"Una shahidi?" Kaka akauliza.

Shemeji alielekeza ukutani. Pilipili zilikuwa kifuani kwa Kaka, kama kawaida.

"Pilipili!" Kaka akacheka. "Peleka basi polisi, zikaandike maelezo. Mwakani panda nyanya." Akajipakulia mchuzi, akala mpaka jasho likamtiririka, akaomba nyongeza.

Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, kaka yako mgongo ni mbovu, ndoo ya maji haiwezi. Wale wezi walikuwa wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Au watatu. Mimi nilikuwa nimelala."

Alianza kushona sare kwa mkono, chini ya dirisha, na alasiri cherehani kilipoanza kuchechemea kule, sindano yake ilikwenda kwa mwendo uleule, ikasimama kiliposimama.

Juzi tulikaa uani yeye na mimi, yeye akikata kucha za pilipili, mimi nikizitenga na vikonyo. Fundi redio, mwenye kibanda mkabala na geti letu, mtu mwema asiye na makuu, akaja kuomba za kutilia chakula cha mchana. Shemeji akamjazia kikombe.

"Ahsante, mama. Hizi za kwenu zina moto wa kweli." Akamega moja kwa meno, akatema ukucha pembeni, akanigonga bega. "Halafu wewe, bwana mdogo, hukuniletea majibu. Kile cherehani kilitengenezeka? Maana siku ile ulipita kwangu mara mbili, kwanza na kichwa chake, kisha na miguu, na mara ya pili nikakupa maji ya kunywa."