Jina la Kwanza Chini ya CV

Lorine alikuwa ameandika upya CV yake mara tano. Mwenye saiba, duka la intaneti pale Kitengela, alimwambia aipunguze, akaipunguza ikawa kurasa mbili. Akaambiwa atoe picha, akaitoa. Maombi ya kazi ishirini na matatu, na kwenye mahojiano hakuitwa hata mara moja! Kitu kimoja tu hakukigusa. Pale chini, penye watu wa kupigiwa simu wamshuhudie, jina la kwanza lilikuwa la Pasta Wakhungu. Nani angethubutu kumtoa pasta? Kila Jumapili alimwita mbele, akamwekea mkono kichwani, kanisa zima likamlilia Mungu amfungulie binti huyu mlango wa kazi.

Siku nyingine zote za wiki Lorine alimsaidia pasta ofisini: barua, ratiba, wageni, simu. Miaka mitatu, bila mshahara. Hiyo hakuiandika, maana aliona kujitolea si kazi.

Alhamisi hiyo pasta alitoka kidogo, akaacha simu yake mezani kwenye chaji. Ikalia. Lorine akaipokea kama alivyozoea.

"Ofisi ya Pasta Wakhungu, habari ya asubuhi."

"Mzuri sana. Naitwa Naisenya, napiga kutoka kiwanda ya maziwa huku Isinya. Ni maneno ya Lorine Adero. Pasta aliambia mwenzangu juzi ati ameshamwandika kazi ya kudumu, tusimsumbue. Nilitaka kuhakikisha kabla nitoe jina yake kwa orodha."

Lorine akayakumbuka maombi yake yote. Ishirini na matatu! Mdomo ule ule uliomwombea!

"Madam, uko?"

"Niko." Aliibana simu sikioni. "Lorine ni mimi. Na sijaandikwa na mtu."

Naisenya akaduwaa. "Ai! Lakini alisema umeendesha hiyo ofisi miaka tatu, na hajaona mwenye anakushinda. Sasa mbona hukuandika? Sisi tunatafuta mtu ameshika ofisi. Andika hiyo, ukuje nayo Jumatatu saa tatu."

Pasta aliingia, akaona simu yake mkononi mwa Lorine, akasimama mlangoni. "Uliwaambia nimeandikwa kazi?" Lorine alimuuliza, akiomba kimoyomoyo akane. Hakukana.

"Binti yangu," alisema kwa upole, "ungeenda, mimi ningebaki na nani hapa?"

Lorine akaivuta kompyuta, akafungua CV yake, akaandika ile miaka mitatu, kisha akashuka hadi chini kabisa na kufuta jina la kwanza.

"Jumapili, Pasta," alisema, "usiniite mbele."