Sharubu za Chui

Chumba cha wanyama kipo Chanji, nyuma ya maduka. Wanyama wenyewe ni watano, wamekaushwa, kila mmoja na kabati lake la kioo, na nyuma yao ukutani umechorwa mteremko wa bonde la Rukwa. Mimi kazi yangu ni kufuta vumbi, na asubuhi nauza maandazi getini. Huu mwaka wa pili.

Jumatatu walikuja akina mama wa kwaya kutoka kijiji cha Kate. Wakasimama kwa chui.

"Mbona huyu upande mmoja hana sharubu?" mmoja akauliza.

Msimamizi wetu, mama Kristiana, akachungulia, halafu akanigeukia.

"Rhoda, umezipeleka wapi?"

"Sijazichukua, mama."

"Ufunguo unao wewe tu. Na huko kwenu Milepa, ninyi wafugaji mnajua zinauzwa kwa nani." Akawaambia wageni, "Sharubu ya chui ikikatwakatwa kwenye pombe, mtu hamalizi wiki."

Nani hajui hilo? Wakasogea mbali nami. Mmoja alikuwa anatafuna andazi nililomuuzia getini, akalitema kwenye leso.

Kufukuzwa kazi ningepona. Jina la mtu wa sumu halikutoki, hata maji ya mtungi wako watu hawatakunywa.

Mzee Isdori, aliyemkausha yule chui, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Chui akiuawa, sharubu zinachomwa kwanza mbele ya watu, ndipo anachunwa. Hizi ulizibandika wewe."

"Mimi nilikabidhi mnyama mzima," akasema, akiangalia viatu vyake.

Nikaona huyu hatanisaidia. Lakini mimi nimekua na ng'ombe, unywele wa mnyama naujua, na zile sharubu kitambaa changu kilizipitia kila siku. Zilikuwa vipande vya mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni. Gundi imekauka, zikadondoka kwenye majani ya kabatini, mtu akazifagia. Labda mimi mwenyewe.

Nikafungua kabati.

"Thubutu," mama Kristiana akasema.

Nikang'oa moja ya upande uliobaki, nikawasha kiberiti. Unywele ukiungua unanuka kwato. Ule ulijikunja, ukadondosha tone jeusi, ukanuka ndoo ya plastiki. Mama mmoja akaguna, "Kumbe." Mzee Isdori akatoka nje.

"Umeharibu mali ya ofisi mbele ya wageni," mama Kristiana akasema. "Kazi huna."

"Sawa. Niandikie barua."

"Njoo kesho."

"Hapa, wakiwepo hawa. Andika nimechoma mshipi. Habari ya sumu usiandike."

"Darasa la saba unifundishe kuandika?"

"Kusoma nilifundishwa, mama. Nasubiri."

Nikakaa kwenye benchi. Wageni nao hawakuondoka. Mama Kristiana akaandika amesimama, kalamu inatoboa karatasi, akanirushia.

Nikaisoma kwa sauti, pole pole. Alikuwa ameandika "sharubu za chui". Nikamrudishia. Akakata, akaandika "mshipi", akagonga muhuri.