Bidoni Mpya ya Mamy

Siku ya kwanza ya masomo, watoto wa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, huja shuleni na daftari na kalamu, na wengine hubeba kigoda cha kukalia, maana tangu shule ya msingi iwe ya bure madawati hayatoshi. Mamy alikuja na bidoni mpya ya njano, dumu la kutekea maji.

Mama yake, Halima, alimsukuma taratibu mpaka mbele ya mwalimu mkuu, mzee Zéphirin. "Jambo sana, Mwalimu. Huyu njo mutoto wangu. Nimemutafutia bidoni ya muzuri, haivuji. Lakini darasa yake iko wapi? Mimi sijue kusoma ile maandiko ya mulango."

Hajui kusoma! Na aliyemfundisha darasa la tano ni huyu huyu Zéphirin aliyesimama mbele yake. Mzee alimwonyesha mlango kwa kidole, asithubutu kumtazama usoni.

Miaka ile ya vita, Kindu ilizingirwa. Kwenda shamba kulikuwa kwenda kuokota risasi. Zéphirin alifundisha huku tumbo likinguruma, na kama ilivyokuwa desturi, wanafunzi ndio waliomtekea maji na kumchumia sombe, majani ya muhogo ya kupika. Kazi ya mikono, waliiita, nayo ni sehemu ya masomo. Wavulana hakuwatuma, kwani wenye bunduki waliwakamata njiani wakawabebesha mizigo. Akatuma wasichana, kana kwamba risasi huuliza nani msichana.

Waliporudi, ubao ulikuwa umeshafutwa. Halima, aliyekuwa akipiga hesabu kichwani kabla wavulana hawajamaliza kuhesabu vidole, alitua bidoni yake akauliza, "Mwalimu, leo mulisoma nini?"

"Uulize wenzako," alimjibu, jicho likiwa kwenye sombe.

Mwenye njaa hana miiko, ndivyo alivyojiambia. Methali nzuri, imewaficha wengi. Lakini njaa iliisha, vita ikaisha, Zéphirin akapanda cheo na kuota kitambi, na wasichana wakaendelea kwenda mtoni kila asubuhi wakati wavulana wanaanza kusoma. Hakuna aliyelalamika, naye hakujiuliza. Sasa bidoni ile ya njano ilikuwa inamuuliza, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kengele ililia. Wavulana wakaingia darasani. Wasichana wakubwa wakachukua ndoo bila kuambiwa, wakashika njia ya mto Lualaba, na Mamy akawafuata mbio, mwenye furaha ya mtoto aliyeanza shule.

Zéphirin aliona yote yakianza upya mbele ya macho yake. Huyu naye atarudi akute ubao umefutwa.

"Mamy! Rudi! Nyote murudi!"

Wasichana waliganda. Mzee aliwafikia akihema, akampokonya Mamy bidoni. "Muingie ndani, mukae mbele. Hakuna musichana ataenda kuteka maji tena saa ya masomo."

Hawakumwelewa, lakini waliingia. Mamy alianza kulia. Halima alikuja amepiga magoti nusu, mikono kifuani. "Mwalimu, utusamehe. Mutoto amekosea nini? Huyu iko na nguvu, nimemuzoeza mie mwenyewe ku nyumba. Usimufukuze."

"Hajakosea kitu, Halima. Simufukuze. Anaenda kusoma."

Akageuka, akashika njia ya mtoni na bidoni mkononi. Wavulana walichungulia dirishani wakacheka: mwalimu mukubwa anateka maji! Acha wacheke, aliona alistahili kuchekwa.

Hakufika mbali. Halima alimkimbilia, kanga ikimponyoka, akashika mkono wa bidoni na kuvuta kwa aibu ya kumwona mwalimu wake akibeba maji.

"Lete, Mwalimu, lete! Hii njo kazi ulinifundisha."

Hakusema kwa kinyongo. Kama angesema kwa kinyongo, Zéphirin angalau angepata nafuu.