Bwana Harusi Aliyeazima Kandambili

Baba alinichagua mimi kwa sababu nikikaa mahali watu husahau kama nipo.

"Huyu hana kelele," akamwambia mama, na mimi nimesimama pale pale. "Watazungumza mbele yake kama wanazungumza mbele ya kabati. Aende na dada yake na huyo mchumba msituni Jumapili, asikilize, arudi aniambie kitu kimoja tu. Huyo Tayfun ana mke au hana?"

"Rasim, na wewe! Angekuwa na mke angekuja kuposa?"

"Mwanamume wa miaka thelathini na mbili," baba akasema, akatema ganda la mbegu ya alizeti kwenye kiganja, "mshahara wa serikali, nyumba yake mwenyewe Istanbul hii hii, meno yote yapo, halafu hajaoa? Mimi nikiletewa gari zuri kwa bei rahisi nafungua boneti kwanza."

Baba ni fundi wa mabasi. Kila kitu kwake kina boneti.

Familia ya Tayfun ilikuwa ije Ijumaa kumposa dada yangu Berna. Baba yake Tayfun angesema yale maneno ya desturi, kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume tunamwomba binti yenu, halafu baba angenyamaza kidogo ili watoke jasho, halafu ndiyo angesema haya, tumewapa. Mama alishaazima viti kwa jirani. Baba alishanyoa, siku tano kabla, na nilimkuta mara moja chumbani anajisemea kwenye kioo, "Tumewapa. Haya, tumewapa." Aliponiona akajifanya anatafuta kitana. Berna ndiye mtoto wake wa kwanza na alitaka kumtoa kwa mdomo wake mwenyewe, vizuri, watu wakisikia.

Berna ni mwalimu. Mwaka uliopita alipangiwa shule huko mashariki kabisa, mji ambao theluji inakaa mpaka Aprili. Alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo ile fupi ya Novemba. Alipoomba ruhusa ya kwenda kutembea msituni na Tayfun, baba alikubali haraka mno. "Nendeni. Mchukueni na Nilay, apate hewa."

Berna akaniangalia. Alijua.

Basi linaishia Bahçeköy, ukingoni mwa msitu, pale tukashuka. Tayfun alikuwa getini anatungojea na mfuko wa mikate ya ufuta, amevaa viatu vizuri vya kupandia milima. Akanipa mkate wa kwanza mimi.

"Karibu, shemeji!"

Shemeji, kabla hata ya posa. Nikaliweka akilini.

Tukaingia njia ya mabwawa. Majani ya mialoni yalikuwa yameanguka yote kwa pamoja, unatembea juu yake husikii hatua yako, unasikia tu kelele ya watu waliokuja na majiko yao ya kuchomea nyama. Baadaye kelele hizo nazo zikabaki nyuma. Ukungu ulikuwa umelala kwenye maji ya bwawa la kwanza kama mvuke juu ya sufuria. Mbwa wawili wa msituni walitufuata kidogo, wakaona hatuna nyama, wakarudi.

Mimi nilitembea nyuma yao. Niliangalia kila kitu. Tayfun alijua kila mzizi ulipo. Kwenye mteremko wenye utelezi alimshika Berna kiwiko bila kugeuka kutazama kiwiko kiko wapi. Mtu aliyeonana na msichana mara nne kwenye duka la keki, tena na shangazi mtu yupo, anajuaje kiwiko kilipo? Na mara moja Berna alimwambia, "Funga zipu, utakohoa tena usiku." Kisha ghafla akaanza kusifia uyoga.

Usiku? Nikahesabu hilo nalo.

Kwenye bwawa la pili Berna akasema, "Jamani nimechoka. Tuishie hapa."

Berna, anayepanda kwenda shuleni kwake kwenye theluji ya magotini!

"Ndiyo," Tayfun akasema haraka. "Huko juu kuna tope baya sana wiki hii."

Nikaangalia njia ya kwenda bwawa la tatu. Ilikuwa kavu. Watu walikuwa wanashuka kutoka huko na viatu safi, hata bibi mmoja alikuwa na viatu vya kutokea. Kwangu mimi kusema jambo ambalo sijaulizwa ni kazi kubwa.

"Nataka kuona bata," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia kama kabati limezungumza.

"Bata hapa pia wapo," Berna akasema.

Bwawani hapakuwa na bata hata mmoja. Nikaanza tu kupanda, na kwa kuwa baba aliwaambia wasiniache peke yangu, ilibidi wanifuate. Nyuma yangu nikasikia wananong'ona. Tayfun alisema kitu kama "angekuwa amepumzika leo," na Berna akasema, "Jumapili? Huyo hapumziki."

Nani huyo?

Bwawa la tatu ndilo zuri kuliko yote, lina ukuta wa mawe wa zamani na maji meusi yametulia. Ndiyo maana wapiga picha huwaleta maharusi pale. Siku hiyo walikuwepo watatu, magauni yamekunjwa mpaka magotini, chini wamevaa buti, wanatetemeka. Kando kuna kibanda cha mabati, na bwana mmoja mwenye sharubu anauza chai na mahindi ya kuchemsha. Tayfun alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Berna naye akapandisha skafu mpaka juu ya pua, na miwani yake ikajaa mvuke.

Haikusaidia kitu.

"Bwana harusi!" yule wa chai akapiga kelele. "Ee, bwana harusi! Bibi harusi yuko wapi? Ushamtupa bwawani?"

Watu wakacheka. Tayfun akacheka pia, lakini kwa kuchelewa. "Umenifananisha, kaka."

"Mimi? Mimi Kadir nimfananishe mtu? Agosti, hapo hapo uliposimama! Kiatu chako cheusi kilizama kwenye tope, nikakuazima kandambili zangu upigie picha, ukanirudishia zina kilo mbili za udongo. Mke wangu akaniuliza nimetoka kulima wapi!"

"Si mimi, kaka."

"Haya, si wewe. Zilikwenda zenyewe." Akamkonyeza, kisha akamwona Berna na skafu yake, akaniona na mimi, na uso wake ukabadilika. Akajifanya anachochea makaa. "Pengine nimefananisha kweli. Chai ngapi?"

Tukanywa chai. Mimi nilikuwa nimeungua ulimi na sikujali, kwa sababu sasa nilikuwa na jibu la baba. Ameoa. Ameoa Agosti, na Ijumaa anakuja kwetu kumwomba dada yangu. Nilimtazama Berna nikategemea kumwona analia au anamtupia chai usoni. Alikuwa anakwaruza tope kwenye buti lake kwa kijiti, taratibu. Nikasema masikini, hataki kuamini.

Tulipokwenda kiasi, nikasema nimesahau glovu. Sikuisahau, niliiacha.

Kadir alinipa glovu yangu kabla sijaomba. Nilisimama pale. Mwisho nikasema nikiangalia mahindi, "Huyo bibi harusi wa Agosti... alikuwaje?"

"Binti yangu, mimi sitaki kuvunja nyumba za watu."

"Yule niliyekuja naye ni dada yangu."

Akapumua, akapangusa sharubu. "Sura siwezi kukwambia. Bibi harusi hana sura. Wanampaka mpaka mama yake akipita anaomba samahani. Lakini alikuwa mcheshi sana. Na mlaji! Alikula mahindi matatu na gauni lake jeupe. Sijaona mtu anakula hivyo. Anapukuchua punje zote kwa kidole gumba, mstari kwa mstari, anazijaza kiganjani, halafu anazitupia mdomoni kwa mara moja, hivi."

Akanionyesha.

Nilishika meza yake. Namjua mtu mmoja tu anayekula mahindi hivyo. Mama amemgombeza kwa hilo tangu utotoni.

Nilirudi nikikimbia. Walikuwa wamesimama chini ya mti, mbali mbali, kama watu waliogombana.

"Ni wewe," nikamwambia Berna.

"Mimi nini?"

"Ulikula mahindi matatu."

Tayfun akavua kofia, akajikuna kichwa. "Nilikwambia yale mahindi yatatuponza," akamwambia, akajaribu kutabasamu.

"Nyamaza, Tayfun." Berna akateremsha skafu. Uso ulikuwa mwekundu. "Nilay, sikiliza. Siku ya mwisho ya kuomba uhamisho ilikuwa inakaribia. Mwalimu hahamishwi hivi hivi, anahamishwa kumfuata mume, na mume lazima aandikwe serikalini. Kungoja baba achunguze ukoo mzima ingekuwa mwaka mwingine. Siwezi kukaa kule mwaka mwingine tena, unaelewa? Tukaenda ofisini, tukasaini, dakika kumi. Picha ilikuwa wazo la rafiki zangu, gauni la kukodi. Ijumaa watakuja, wataomba, baba atatoa, tutafanya harusi kubwa, imekwisha. Hatajua kabisa."

"Ndoa halali ya serikali, shemeji," Tayfun akasema. "Hatujafanya kosa lolote."

"Baba ataniuliza mimi," nikasema. "Ndiyo maana alinituma."

"Basi sema hukuona kitu! Wewe si huwa husemi?"

Hiyo iliniuma. Labda ndiyo maana nikauliza lile swali jingine, ambalo mtu wa kawaida asingeuliza mbele ya mwenyewe. "Uhamisho ukitoka, bado utamtaka?"

Tayfun alikuwa anatikisa majani kwenye kofia. Akaacha kutikisa. Akamgeukia Berna, na mimi nikaona kwamba hata yeye anangoja.

"Swali gani hilo la kijinga?" Berna akasema, akacheka kile kicheko chake. Akatangulia kushuka, na sisi tukamfuata. Kwenye mteremko wenye utelezi Tayfun hakumshika kiwiko.

Kwenye basi walikaa viti tofauti.

Baba alikuwa sebuleni na bakuli lake la mbegu, televisheni imezimwa. Berna alipita moja kwa moja jikoni kwa mama. Mlango ulibaki wazi. Nilijua anasikia.

"Haya," baba akasema kwa sauti ya chini. "Ana mke au hana?"

Nilikuwa nimepanga njia nzima niseme sikuona kitu. Maneno mawili tu. Lakini baba alikuwa ameinama mbele, ananitazama machoni, na mbele ya macho hayo uongo hauwezi kukaa vizuri mdomoni mwangu.

"Anaye," nikasema.

"Nilijua!" Akapiga goti, mbegu zikamwagika. Alifurahi kweli, Mungu anisamehe, alifurahi kama ameshinda bahati nasibu. "Mama Berna! Njoo usikie! Si nilisema? Mkaniona nashuku bure! Fundi hadanganywi!" Akanishika mabega. "Mwanangu, umeiokoa nyumba hii. Ni nani huyo mwanamke? Wa wapi?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikaangalia mlango wa jikoni bila kutaka.

Berna alitoka mikono imelowa. Mama alikuwa nyuma yake na kijiko.

"Wa hapa, baba," akasema.

"Hapa wapi? Mtaa huu?"

"Nyumba hii."

Baba aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu ambaye uso wake haujapata habari. Kisha akaanza kuokota mbegu kwenye zulia, moja moja, akizirudisha kwenye bakuli. Mama alisema, "Ee Mungu wangu," akakaa kwenye kiti cha jirani.

"Lini?"

"Agosti."

"Kwa ajili ya uhamisho?"

"Ndiyo, baba."

"Basi tu? Uhamisho tu?"

Berna alifungua mdomo. Nilingoja nisikie kile ambacho Tayfun hakukisikia kule juu. Alisema, "Ni mtu mzuri, baba."

"Sijauliza kama ni mzuri."

Mama akajaribu. "Rasim, nipige simu? Niwaambie Ijumaa wasije?"

"Waje," baba akasema. "Wapikieni kahawa. Wakae, waniombe. Kwa maneno yote, lisipungue hata moja. Na nitakachojibu msiniulize leo, maana sijui." Akaweka bakuli mezani. Halafu akanigeukia mimi, na hakuwa tena na ile furaha. "Na wewe. Nisingekuuliza, ungeniambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilijua pia kwamba akiona nimechelewa, ameshapata jibu, na nilikuwa ninazidi kuchelewa.

"Chakula kinapoa," mama akasema.

Tulikula supu ya dengu bila mtu kuomba limau. Kila alipoinua kijiko, baba alimtazama kwanza Berna, kisha mimi, kisha ndiyo anakunywa.